Raba za Kitambaa Cheusi

Watu wakisikia duka la spea wanafikiri kuna kompyuta na mtu wa miwani. Sisi tulikuwa na vitambaa. Kanga yangu ya kwanza ya ndoa ilipochakaa niliichana vipande, nikavitia kazini dukani, na kazi ilikwenda vizuri miaka mingi mpaka Jumapili moja iliyotaka kuniua kwa hofu.

Duka letu liko Bagara, hapa Babati, ni chumba cha mbele cha nyumba hii tunayolala. Tunauza beringi, bushi, fani belti, plagi, vitu vya magari ya mizigo na pikipiki. Na raba za breki. Raba ya breki ni kadude kadogo, kama kifuniko cha chupa ya soda, keusi, laini. Kanakaa ndani huko kwenye gurudumu. Dereva akikanyaga, mafuta yanakasukuma, gari linasimama. Kakipasuka, mafuta yanamwagika, na mguu wa dereva unazama mpaka chini kama anakanyaga uji.

Sasa spea ileile ukienda kuifuata Arusha leo ina bei hii, ukirudi baada ya miezi ina bei ile. Mimi kuandika naandika kwa taabu, basi kila mzigo ulipofika nilifunga kitambaa kwenye kopo lake. Raba za kitambaa chekundu ni za juzi, ghali. Za kijani ni za kabla ya hapo, tulizipata kwa bei nzuri. Nikiona rangi naikumbuka safari, nikiikumbuka safari naikumbuka bei. Sikukosea hata siku moja, na hapo najisifu, wacha nijisifu.

Halafu kulikuwa na kitambaa cheusi. Hizo ni raba ambazo mume wangu alizinunua kwa jumla kutoka gereji ya mtu aliyefariki, mtoto wetu wa mwisho bado ananyonya, na huyo mtoto sasa ana ndevu. Mpira nao huzeeka. Ukiukunja kidole kwa kidole unaona mistari myeupe, kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi. Mimi nilikataza zisiuzwe. Mume wangu alikataa zisitupwe. Zikakaa juu ya kabati, kopo limejaa mpaka mdomoni, kifuniko kinagoma kufunga, nikakibana kwa kitambaa hicho cheusi yakaisha.

Binti yetu mkubwa ndiye aliyeleta neno la hesabu. Yeye ni mhasibu huko Arusha. Duka lilikuwa limekua kidogo, na watu wa kodi walikuwa wanataka kila mwisho wa mwaka tuseme mali iliyobaki dukani ina thamani gani. Sisi tulikuwa tunakisia. Mume wangu anasimama katikati ya duka, anageuka huku na huku kama mtu anayekadiria ng'ombe mnadani, anataja hesabu, tunaandika hiyo. Binti alipojua hivyo alishika kichwa. Akasema siku wakitukagua watatuuliza hiyo hesabu imetoka wapi, na jibu hatuna. Nikaanza kuogopa hapo hapo. Kila gari jeupe lililopunguza mwendo mbele ya duka lilinipeleka chooni.

Akaja mwishoni mwa juma kutunyoosha. Akatuambia kuna njia za kuthamini mali, tuchague moja, na tukishaichagua tuishike mwaka hadi mwaka, siyo kubadilisha kama nguo. Njia moja ni kuhesabu kwamba kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza, kwa hiyo kinachobaki ni cha bei ya karibuni. Njia nyingine ni wastani: unachukua bei zote za kitu kimoja, unazichanganya, unapata bei moja ya katikati, unaitumia hiyo kwa kila kimoja.

Jumamosi jioni, jikoni, akaona tumekaa tu tunamtazama. Akachukua mbaazi. Akamimina kwenye beseni bakuli moja la mbaazi za mwaka huu, akasema hizi tumenunua ghali. Akamimina bakuli la mbaazi za mwaka jana, akasema hizi rahisi. Akakoroga kwa mkono. Akasema ukichota hapa sasa huulizi hii ya lini, bei ni moja tu.

Mume wangu uso ukamng'aa. Ujue yeye kabla ya spea alikuwa mnunuzi wa mbaazi. Alizunguka vijijini kote huku Babati, anakusanya debe hapa gunia pale, anamwaga zote juu ya turubai, anakoroga kwa koleo mpaka nzuri na mbaya zinafanana, ndiyo anafunga magunia. Hiyo kazi anaijua kuliko anavyonijua mimi. Akasema, kumbe uhasibu ndio huu, mbona sisi tumefanya siku zote. Binti akafurahi. Na mimi nikafurahi. Tukakubaliana wastani.

Kikabaki kitambaa cheusi. Binti alilishusha lile kopo, akakunja raba moja, akasema hizi haziingii kwenye wastani wala kwenye nini, ni mali iliyokufa, tuiandike sufuri. Mume wangu akanuna. Akasema alizilipia kwa hela yake, hela siyo sufuri. Akasema hata kwenye gunia zuri mbaazi zilizotobolewa na wadudu huwa zimo, na hajasikia mtu amekufa kwa mbaazi. Binti akaona mzee amekasirika, akasema tutazungumza kesho baada ya kanisa.

Kesho yake mimi na binti tukaenda kanisani. Mzee magoti yanamsumbua, akabaki.

Tulivyorudi tulimkuta amekaa mlangoni mwa duka, anang'aa kama bwana harusi. Mbele yake beseni langu la kufulia. Ndani ya beseni raba za breki zote zimerundikana, na pembeni makopo matupu yamepangwa mstari. Vitambaa vyangu alikuwa amevikunja vizuri, chekundu, kijani na cheusi, kimoja juu ya kingine, kama nguo za mtoto. Akasema amemaliza wastani wa raba, na kesho akiamka salama ataanza beringi.

Mimi nilikiona kile kitambaa cheusi tu. 

Binti akamwuliza taratibu kama kuna mtu aliyekuja dukani. Mzee akasema ndiyo, amefungua na biashara. Dereva wa kenta, lile lori dogo la mizigo, wa kule Maisaka alipita asubuhi, akachukua raba za magurudumu yote, akazifunga palepale nje kwa haraka, akaondoka kwenda gulioni Bashanet na akina mama wake nyuma.

Huyo dereva tunamjua. Siku za gulio anawapandisha akina mama wafanyabiashara, na nyanya zao na dagaa wao na nguo za mitumba, na jioni anawarudisha wakiwa wamekaa juu ya magunia ya vitunguu saumu. Na kwenda Bashanet unapita Dareda, ukishapita Dareda barabara inapanda ukuta. Kona juu ya kona. Mkono huu mlima, mkono ule hewa.

Nikamwuliza mume wangu alimchotea zipi. Akasema, "Mama watoto, nimechota tu. Si ndiyo wastani?"

 Binti alikuwa anapiga simu ya dereva, haipatikani. Anapiga tena, haipatikani. Mimi nikapiga magoti mbele ya beseni na gauni langu la kanisani, nikaanza kukunja raba moja moja. Isiyo na mistari naweka kulia. Yenye mistari narudisha kwenye kopo lake la zamani. Moyoni nilikuwa naomba kitu kimoja: kopo lijae. Likijaa mpaka mdomoni kama zamani, basi mbovu zote ziko hapa, na yule mtu kapata nzima. Nilikunja mpaka beseni likawa halina kitu. Nikaweka kifuniko.

Kikafunga. Kilifunga vizuri kabisa, bila kubanwa na kitu.

Binti naye alikuwa anatazama. Akaenda kuwasha kigari chake. Mimi nikachagua kwenye zile za kulia zinazong'aa kwa upya, ndizo za kitambaa chekundu, nikazifunga kwenye pindo la kitenge, nikachukua na chupa mbili za mafuta ya breki rafuni. Mume wangu akasimama na fimbo yake, anauliza kuna nini, tunakwenda wapi hata chakula hatujala. Nilimjibu kwamba tunarudi. Nilivyogeuka nyuma alikuwa bado amesimama, na beseni tupu miguuni.

Mpaka Dareda tulikuwa tunazungumza kidogo. Nilimwuliza binti, kama asubuhi amepanda salama, si ina maana zinafaa? Akasema, "Mama, kupanda hakuulizi breki. Kushuka ndiko kunauliza." 

Tulipoanza kupanda ule ukuta kila kitu kilichotokea juu kikishuka nilikikodolea macho. Fuso likija, siyo lenyewe. Basi dogo, siyo lenyewe. Kenta nyeupe ikatokea kwenye kona inakuja mbio, nikafumba macho. Binti akasema siyo hiyo, mama, fumbua. Nikawa nachungulia upande wa korongo kama kuna majani yaliyolala. Sitaki kuona, na natazama. Nikawa nawahesabu wale akina mama ninaowajua: yule wa dagaa mwenye sauti kubwa, yule wa nyanya wa Bonga aliyejifungua juzijuzi na anapanda na mtoto mgongoni. Nikajiambia, huyo mtoto yumo.

Juu kabisa, kabla barabara haijaanza kuinama, kuna vibanda vya chai. Madereva wanasimama hapo kukaza kamba kabla ya kushuka. Kenta ilikuwa hapo. Imeshapakiwa, injini inanguruma, akina mama wamekaa juu ya magunia, wamejifunga vitenge kichwani kwa ajili ya upepo. Dereva mkono mmoja kwenye mlango, mwingine na kikombe, anamalizia chai.

Nilishuka kabla gari halijasimama sawasawa, binti akanipigia kelele. Dereva akaniona, akashangaa, akasema, "Shikamoo Bibi. Umekuja kununua vitunguu?"

Nikamwambia marahaba, mwanangu, zima gari. Akacheka kidogo. Nikamwambia zima gari, raba alizokupa mzee asubuhi zimo zilizokufa.

Hakuniamini. Akasema breki zinashika, amezijaribu akitoka kwetu, amezijaribu na njiani. Akasema jua linakwenda na akina mama wana watoto nyumbani. Binti akaja akamweleza kwa utulivu, huko nyuma akina mama wameanza kuulizana. Mwishowe yule dereva akaingia uvunguni, nadhani ili tumwache tu. Akalala chali karibu na gurudumu la nyuma. Akapapasa kuzunguka gurudumu. Kisha akatoa mkono nje, akauweka juani tuuone. Vidole vilikuwa vimelowa mafuta.

"Bibi," akasema kutoka kule chini, "ningeishia kona ya pili."

Akina mama walishuka mmoja mmoja.  Yule wa nyanya alimpokeza mwenzake mtoto kwanza, ndipo akashuka, akampokea tena, akaenda kukaa mbali na gari kabisa, ameligeuzia mgongo.

Dereva akapandisha gari jeki, akafungua gurudumu moja baada ya jingine. Kila raba aliyotoa niliikunja. Nyingine nzima. Nyingine ikikunjwa inafunguka kama mdomo wa samaki. Nikafungua pindo, nikampa nyekundu. Alipomaliza kuzifunga akataka mtu wa kukanyaga pedali huku yeye akitoa hewa kwenye mabomba ya mafuta, na binti alikuwa ameshika chupa anajaza mafuta. Akanitazama mimi. Basi mimi, mwenye wajukuu kumi na mmoja, nikapandishwa kwenye kiti cha dereva wa kenta, gauni la kanisani na vyote. Kanyaga, Bibi. Nakanyaga. Shikilia. Nashikilia. Achia. Mwanzoni ulikuwa ule uji, mguu unazama tu. Nikakanyaga na kukanyaga, jasho linanitoka, mpaka pedali ikaanza kunisukuma na yenyewe. Ikawa ngumu kama ardhi. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka.

Nikafikiri yamekwisha. Dereva akawaita akina mama wapande. Hakuna aliyeinuka.

Yule wa dagaa ndiye aliyesema. Alikuja mpaka mlangoni, mikono kiunoni, hana hasira, anauliza tu. "Zile uliuza wewe, Bibi. Na hizi umeleta wewe. Sisi tutajuaje?"

Nikamwambia nimezikunja moja moja. Akasema hata mzee wangu labda angesema hivyo. Wenzake wakaguna. Akasema, "Basi shuka na sisi. Kaa hapo mbele, tukuone kisogo."

Binti akakataa, akasema mama ana presha, atashuka na gari lake. Nikamwambia aniache. Sikuwa shujaa, msinisifie.  Lakini nilijua nikipanda kile kigari cha binti, wale hawatapanda kenta, na hata wakipanda, mimi ningeshuka nyuma yao nikitazama lile bodi la nyuma kona hadi kona. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nikasogea kiti cha abiria. Wakapanda.

Tulivyoinama kushuka nilishika dashibodi kwa mikono miwili. Barabara sikuitazama. Nilitazama mguu wa dereva. Kandambili ya bluu, kisigino kimelika. Mguu ukienda kwenye pedali, pumzi yangu inasimama, gari likipungua mwendo, inarudi. Kona ya kwanza. Gari likapungua. Kona ya pili, ile aliyoitaja mwenyewe.  Akakanyaga, na mimi upande wangu nikakanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote, kama vile kuna pedali na huku. Magunia yakalalia mbele. Gari likapungua, likazunguka, likanyooka. Kule nyuma kimya, na wafanyabiashara wa gulio wakikaa kimya pamoja, ujue hakuna aliye na roho yake mahali pake.

Dereva alinisemesha mara moja tu njia nzima. Alisema, "Bibi, huko unatoboa sakafu."

Pale chini barabara ilipolala, Dareda inaonekana na moshi wa jioni, mtu akagonga paa la kenta juu ya kichwa changu, mara tatu. Nikajua ni yule wa dagaa. Akapaza sauti kwamba kwa shida hii nauli ya leo nilipe mimi. Wakacheka wote nyuma, kicheko kile cha watu waliokuwa wanangoja ruhusa. Nikaipenda ile kelele. Nauli niliilipa pia, na sikubembeleza punguzo.

Nyumbani tulimkuta mzee amekaa palepale. Hakuwa amekula. Alikuwa ameshakisia, maana lile kopo la kitambaa cheusi lilikuwa mapajani mwake, anafungua kifuniko, anafunga, anafungua. Aliuliza kitu kimoja, yule mtu amefika? Nikamwambia amefika, wote wamefika, nilishuka nao. Akaliweka kopo chini.

Kisha akamwambia binti, kwa sauti ndogo, kwamba angesema mapema kuwa kinachochanganywa ni bei, siyo mali.

Binti akasema, "Nilisema, baba."

"Ulisema huku unakoroga."

 Na ni kweli, binti alisema huku anakoroga.

Jumatatu binti hakurudi kazini, aliomba ruhusa. Tulianza upya. Alisema wastani kwenye karatasi hauna kosa lolote, maduka mangapi yanautumia, lakini kwa nyumba hii anataka njia ambayo mkono na karatasi vinakwenda pamoja. Kwa hiyo kilichoingia kwanza kitoke kwanza, kwenye rafu na kwenye hesabu. Vitambaa vyangu vikarudi, kila kitambaa sasa kina bei yake na mwezi wake umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kopo la zamani linakaa mbele, jipya nyuma. Mwisho wa mwaka tunahesabu vilivyobaki kwa kitambaa, kila kitambaa kwa bei yake. Watu wa kodi wakija watuulize hesabu imetoka wapi, nitawaonyesha kanga yangu.

Tulipofika kwenye kitambaa cheusi binti alishika kalamu akangoja. Hakutaka kulisema yeye. Mume wangu akatazama dirishani, akasema, "Sufuri. Andika."

Lakini kutupa hakutupa, yule mtu simwezi. Alikwenda akapigilia mabati ya banda la kuku, na chini ya kila kichwa cha msumari akaweka raba moja nyeusi ili maji yasipenye. Masika yalipokuja likavuja kila penye msumari. Kuku wakahamia kona moja. Alisimama kwenye mvua akitazama, mimi nikamtazama kutoka jikoni.

Ile kenta bado inapita hapa siku za gulio, asubuhi inapanda, jioni inarudi. Dereva akifika mbele ya duka hupiga honi kunisalimu. Nakuwa nimekaa kwenye kigoda changu nachambua mboga, nimetulia, nafurahi na mambo yangu. Honi ikilia, mguu wangu wa kulia unakanyaga chini wenyewe, na hauachii mpaka nisikie gari limepungua mwendo.